Walisema ni Baridi, Kumbe Ulikuwa Moto

Nyinyi vijana wa soko la mifugo la Isiolo, mnaompiga ngamia picha kwa simu na kuituma Nairobi kabla mnyama hajamaliza kukojoa, nipeni sikio kidogo. Jina langu la sokoni ni Wario Kidole. Wengi wenu mnanijua kwa sura tu: yule mzee (ingawa sitini sijafika) anayekaa kwenye benchi ya chai karibu na lango, akisahihisha watu. Kabla ya benchi hiyo nilikuwa dalali, au broka kama mnavyosema. Na sikuwa broka wa kusukumana. Wanunuzi walishuka kwenye lori wakiuliza "Kidole yuko wapi?" kabla ya kuuliza choo kiko wapi. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kuchunga. Nyumba yangu ya mawe pale Bulla Pesa, na vyumba vya kupangisha nyuma yake, vyote vimetoka kwenye vidole hivi mnavyoviona vimepinda kama tangawizi.

Nitawaeleza jinsi vilivyopinda, kwa sababu kuna kitu ndani yake ambacho mtu wa kazi yetu anapaswa kukijua, na mimi ambaye nilijua kila kitu sikukijua.

Kazi yetu ilifanyika chini ya shuka. Siku hizi bei mnaitangaza kwa sauti, dunia nzima inasikia, halafu mnashangaa mwenye ngamia akikataa. Sisi tulishikana mkono wa kulia na mnunuzi, tukafunika kwa shuka, vidole vikaongea. Akikamata kidole kimoja, ni moja. Viwili, mbili. Mkono mzima, tano. Moja ya nini? Mnyama mwenyewe alieleza. Hakuna ambaye angefikiri ngamia jike mwenye mimba anauzwa kwa bei ya mbuzi. Huku juu ya shuka midomo inazungumza habari za mvua na barabara, na watu wamesimama pembeni wamekodoa macho, hawaambulii kitu.

Aliyenifundisha ni marehemu Mzee Galma. Vidole alinifundisha kwa siku moja. Uso ulichukua miaka. "Uso wako uwe ukuta wa msikiti," aliniambia. "Mtu akikupa bei nzuri, ukuta. Akikupa bei ya matusi, ukuta. Mke wako akijifungua mapacha, ukuta mpaka ngamia apande lori." Nilimpita yeye mwenyewe. Kutoka hapa mpaka Moyale hapakuwa na uso mgumu kama wangu, na hili nalisema bila majivuno, ulizeni. Uso huo ndio ulionichelewesha hospitali.

Jambo lingine la Mzee Galma, na hili liandikeni mahali. Ukifika kwenye zizi asubuhi, usikimbilie kushika nundu. Simama mbali. Tazama ni nani amesimama peke yake. Ngamia aliyejitenga, shingo imeshuka, hacheui, wenzake wanaenda majini na yeye hana habari, huyo ana kitu ndani. Usitafute jeraha tu. Labda ni mwiba uliozama mguuni ukaoza huko, labda ni kiwele kinachowaka. Panapouma ni mahali padogo, lakini ngamia mzima amejitoa duniani. Mwenyewe atakuambia, "Huyu ni mpole tu, ndiyo tabia yake." Upole wa namna hiyo usiununue.

Sasa vidole. Maumivu yalianza kwenye viwili vya mkono wa kulia. Naamka asubuhi, havikunjiki. Kikombe cha chai nakishika kwa viganja kama mtoto. Jua likipanda vinalegea, naenda kazini, nasahau. Baadaye vikaongezeka, na mkono wa pili ukafuata. Kila aliyesikia alikuwa na jina la ugonjwa tayari mdomoni.

"Hiyo ni baridi ya mifupa, Baba Nuria," mke wangu alisema.

Sasa Isiolo na baridi ni wapi na wapi? Lakini tulitibu baridi. Nilivaa glavu za sufu katikati ya soko, jua linachoma mpaka mawe yanalia. Nilipakwa mafuta ya nundu yaliyochemshwa, nikanuka kama jiko la harusi. Nilizika mikono kwenye mchanga wa moto kando ya mto kule Burat, nimekaa hapo kama mtu aliyepanda viazi akaamua kuvisubiri. Na vidonge vya maumivu vya dukani nilivitafuna kama njugu, mpaka tumbo nalo likaanza kulalamika. Hayo msiyafanye.

Soko lilijua siku moja ya mnada. Mnunuzi mnene kutoka upande wa Moyale, mtu wa heshima zake, tulishikana chini ya shuka. Ngamia walikuwa wa mzee mmoja wa Kipsing, amesimama hapo na fimbo yake, anajaribu kusoma uso wangu. Yule mnene akakamata vidole vitatu akaviminya kama anakamua maziwa. Wallahi, niliona nyota mchana. Nikapiga ukelele, nikachomoa mkono.

Soko lote likageuka kutuangalia.

Nyinyi hamjui maana yake. Dalali akichomoa mkono kwa kelele, ametukanwa. Bei aliyopewa haitamkiki. Mzee wa Kipsing hakutaka maelezo.

"Amekupa nini huyu mshenzi?"

"Mzee, ngoja kidogo..."

"Ngamia wangu si punda. Tunaenda nyumbani."

Akawageuza. Mnunuzi amebaki na shuka mkononi, anaapa mbele ya watu: "Nimetoa bei ya sultani! Bei ya sultani! Huyu mtu amelogwa!" Na alisema kweli. Bei kama ile haikutoka tena msimu mzima.

Mnada uliofuata nikajaribu mkono wa kushoto. Mnaanza kucheka kabla sijamaliza. Mnunuzi aliuangalia mkono, akaniangalia mimi, akasema, "Kidole, leo unanipa mkono wa choo?" Watu walishika mbavu. Aliyecheka kuliko wote ni Lokwang, dalali Mturkana, rafiki yangu tangu tukiwa wote hatuna viatu. Kisha akaacha kucheka, akabaki ananiangalia, kwa sababu sikumrudishia neno. Mimi, ambaye sijawahi kukosa jibu hata msibani.

Baada ya hapo nikaacha kwenda sokoni.

Hapa sikilizeni vizuri. Si maumivu yaliyoniweka nyumbani. Maumivu nayajua; ngamia dume aliwahi kuning'ata bega na kesho yake nikauza. Hiki kilikuwa kitu kingine. Nilikuwa naamka nikiwa nimechoka. Chai haina ladha, nyama haina ladha, redio ni kelele. Nililala kwenye mkeka uani nikitazama ukuta. Watu wakanipa jina la ugonjwa wa pili: "Ana mawazo." Kwa hivyo mwili una baridi na kichwa kina mawazo, magonjwa mawili, kila moja na mganga wake. Na mimi sikuwa na wazo hata moja. Ningekuwa na mawazo ningeyauza. Mke wangu alimwita sheikh akanisomea, na kila aliposoma nilitulia kidogo. Sina neno baya hapo. Lakini akiondoka narudi kwenye ukuta wangu.

Na wakati huohuo binti yangu Nuria alikuwa anangoja neno moja kutoka kwangu. Alikuwa ameposwa na Hussein, kijana wa Burat anayelima vitunguu, kijana safi, nilimkubali mwenyewe kabla ya haya yote. Ilibaki mimi kutaja siku ya nikaha. Wazee wa Hussein walikuja, wakanywa chai, wakauliza siku. Nikasema, "Mtaambiwa." Wakaja tena. "Mtaambiwa." Mara hiyo chai hawakuimaliza. Langoni mmoja wao alimwambia mke wangu kwa upole kabisa, "Mama, tutarudi mara moja tu. Tukijibiwa hivi tena, tutajua tumefukuzwa."

Nuria alikuja akachuchumaa mbele ya mkeka.

"Abba, kama humtaki Hussein, sema tu."

"Sijamkataa."

"Basi unamtaka?"

"Sijui."

"Hujui? Si wewe uliyemsifu hapa mbele ya majirani mpaka nikaona aibu mimi?"

Akalia. Nilimwangalia akilia kama mtu anayeangalia mvua ikinyesha upande wa pili wa mlima. Nilijua ni mtoto wangu. Nilijua nampenda, kama unavyojua jina la mji ambao hujafika. Ndani hapakusogea kitu. Nilitaka tu anyamaze nilale.

Lokwang ndiye aliyekuja. Hakubisha hodi, hakusalimu. Alisimama langoni, mikono nyuma, ananiangalia kwa mbali.

"Salimu watu kwanza," mke wangu alimwambia.

"Ngoja kidogo, Mama Nuria. Naangalia mnyama."

"Mnyama gani?"

"Huyu wa kwenye mkeka. Amejitenga tangu lini?"

"Tangu mvua iishe."

"Anakula?"

"Anaonja."

"Anacheua?"

Mke wangu akacheka, kisha akatumia pembe ya leso kufuta macho. Lokwang akaja akanisimamia kichwani.

"Kidole, ungekuwa ngamia ningekuwa nimeshamwita mchinjaji."

"Mwite," nikasema.

Hakulipenda jibu hilo. Alichuchumaa, sauti ikashuka. "Sikia. Ngamia akijitenga tunamtafutia mwiba. Hatumwambii ajikaze. Hatumwambii ana mawazo. Vaa viatu."

"Wangu si mwiba, ni baridi."

"Vaa viatu. Hiyo baridi yako tutaibeba tuende nayo."

Hospitalini tulimkuta Daktari Kendi, msichana wa Kimeru wa umri wa Nuria, sauti ndogo, mikono imara. Aliminya kifundo kimoja kimoja akiuliza, hapa, na hapa? Asubuhi vidole vinachukua muda gani kulegea? Akaagiza damu ipimwe. Halafu akaanza maswali mengine. Nalala vipi? Nakula? Nimewahi kutamani nisiamke? Nikampa uso wa Mzee Galma. Salama, daktari. Salama tu.

Lokwang akakohoa. "Daktari, huyu ni dalali. Usimwamini uso."

Daktari akaweka kalamu chini. "Basi niambie kitu kimoja tu, mzee. Ni nini kilikuwa kinakugusa, na sasa hakikugusi?"

Sikupanga kujibu. Nilisikia mdomo unasema, "Binti yangu analia mbele yangu, na mimi nasikia usingizi." Na kutamani nisiamke, nikasema, ndiyo, kuna asubuhi nimetamani, bila fujo yoyote, kama unavyotamani lori lichelewe.

Hakushtuka. Aliandika, akaniuliza kama nimepanga kujidhuru, nikasema hapana, akamwambia Lokwang asiniache peke yangu siku hizo. Majibu ya damu yalipotoka alituita tena.

"Mzee, nani alikuambia hii ni baridi?"

"Kila mtu."

Akachukua mkono wangu wa kushoto, akaulaza juu ya vifundo vya mkono wa kulia. "Hapo pana baridi?"

Palikuwa pa moto kama ubavu wa birika. Muda wote ule nilikuwa nimeuvalisha moto glavu.

Alieleza pole pole, na mimi nawaeleza kama nilivyoelewa. Mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu. Kwangu askari hao wamekosea, wanapiga viungo vyangu wenyewe, ndiyo maana panavimba na kuwaka. Vita hiyo haibaki kwenye vidole. Ujumbe wake unapita kwenye damu mpaka kichwani. Ubongo ukiupata unadhani mwili umevamiwa, unatoa amri: lala, usile, kaa mbali na watu, usitake kitu. Mtu mwenye homa ya siku chache, amri hiyo inamsaidia apumzike apone. Askari wangu hawakuacha kupigana, kwa hivyo amri haikuondolewa.

"Huyo ni ngamia wa mwiba!" nikasema.

"Ndiyo, mzee. Wanyama pia wako hivyo."

"Hilo nililijua kabla hujazaliwa."

"Kwa ngamia ulilijua," alisema. "Kwako ulivaa glavu."

Lokwang alicheka mpaka mgonjwa wa nje akachungulia.

Lakini alinionya, na mimi nawaonya, kwa sababu najua mtatoka hapa kila mmoja amekuwa daktari. Si kila mwenye huzuni ana moto mwilini. Wengine wamefiwa, wengine maisha yamewaelemea, wengine hata wataalamu hawajui. Na wapo wenye viungo vibovu kuliko vyangu wanaocheka vizuri tu. Hata maumivu yenyewe, na kuchekwa sokoni, na kukaa bila kazi, vinamwangusha mtu bila msaada wa askari. "Mambo haya yameshikana," alisema, "na bado yanachunguzwa. Kwako naona yameshikana sana. Tutatibu vyote viwili."

Nilipewa dawa ya kuwatuliza hao askari, ya kumeza mara moja kwa wiki, na kurudi kupimwa damu, kwa sababu ni dawa kali, si ya kununua kienyeji. Akasema haina haraka, itachukua wiki nyingi kabla sijaona kitu. Na akanipeleka chumba cha pili kwa mshauri, bwana mmoja mtulivu ambaye kazi yake ni kukaa na kusikiliza. Nilidhani nitamshinda kwa ukuta. Yule bwana ana subira kuliko mnunuzi yeyote niliyewahi kukutana naye. Siku moja nilijikuta namweleza habari za mama yangu, na sijui tulifikaje huko.

Hakuna siku niliyoamka nikasema nimepona. Vifundo vilipoa kwanza. Kisha asubuhi moja nikaona chumvi imezidi kwenye mchuzi, nikasema imezidi. Mke wangu akaniangalia, akaongeza maji kwenye sufuria. Miezi yote ile nilikuwa nakula chochote kilichowekwa.

Vidole vyenyewe havikunyooka. Nilichelewa, na kilichopinda kimepinda. Anayeamka asubuhi na vidole vigumu wiki baada ya wiki asingoje kama mimi. Moto umepoa lakini vidole vina kigugumizi. Nikimpa mtu tatu anasikia mbili. Dalali wa kigugumizi hana kazi chini ya shuka, kwa hivyo nikastaafu nikiwa bado mbora, jambo ambalo wengi hawawezi.

Wazee wa Burat walirudi mara yao ya mwisho kabla dawa haijamaliza kazi yake. Mke wangu alijua siku, Nuria alijua siku, nami niliambiwa nikasema sawa, na hakuna aliyejua hiyo sawa ni ya namna gani. Mimi pia sikujua. Asubuhi yake nilikuwa kwenye mkeka kama kawaida. Mke wangu alikuwa langoni ananunua mbuzi wa kuwachinjia wageni, na muuzaji alikuwa mmoja wenu, simtaji jina, yuko hapa na anaangalia chini.

Nikamsikia anasema, "Mama, huyu ni mchanga kabisa. Nyama yake unakata kwa kijiko."

Niliinua kichwa. Nikamwona mbuzi. Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka niko langoni nimemfungua mbuzi mdomo kwa vidole vyangu vya tangawizi.

"Mchanga? Huyu? Huyu alikula kwenye harusi ya bibi yako!"

"Mzee Kidole, pole, sikujua ni nyumba yako..."

"Meno yake yako wapi? Umeyabakisha nyumbani? Unataka wakwe zangu wakae hapa wakitafuna mpaka Idi, waseme Wario amewakaribisha kwa kiatu?"

"Tunaweza kuongea..."

"Tunaongea! Hii ndiyo kuongea! Mrudishe huyu marehemu ulikomtoa, uniletee beberu mdogo, na nitamkagua mwenyewe!"

Majirani walitoka. Mke wangu alikaa chini juu ya mtungi wa plastiki, akajifunika uso kwa leso, mabega yanatikisika. Nuria akatoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Mama! Kuna nini?"

"Babako anagombana."

"Na nani?"

"Na mbuzi," mke wangu akasema, na hapo sikuweza kujua kama analia au anacheka.

Nuria akanigeukia. Alisogea pole pole, kama unavyosogelea mnyama usiyemjua.

"Abba, wamesema wanakuja saa tisa."

"Najua."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia Ijumaa ya kwanza baada ya Idi. Na nitawaambia huyo Hussein alete vitunguu vya maana, si vile vya kuuzia hoteli. Sasa nenda ulete viatu vyangu, nimesimama pekupeku mbele ya watu."

Alienda akikimbia, akapiga teke ndoo ya maji, maji yote yakamwagika uani, na hakuna aliyemkemea.